Kutafuta "malipo" bila kukamata "alipata": mikato ya kutafutia kwenye Emacs kwa kumbukumbu za korosho

Kumbukumbu za chama cha msingi kimoja hapa Mtwara zimehifadhiwa kwenye faili za maandishi matupu, faili moja kwa kila msimu. Kila mstari ni tukio moja: tarehe, jina la mkulima, kijiji, kilo, daraja, kisha maelezo ambayo karani ameandika kwa maneno yake. Kuanzia Oktoba, mizani ikianza kufanya kazi, mistari huongezeka haraka, na swali linaloulizwa kila siku ni moja: nani bado hajalipwa? Jibu limo humo humo ndani ya faili. Kazi ni kulitoa kabla mkulima aliyekaa kwenye benchi nje hajakata tamaa.

Emacs, programu ya kuhariri maandishi, inafaa kazi hii kwa sababu unaweza kuiandikia amri zako mwenyewe, na mwongozo wake wote huja nayo: ukibonyeza C-h i unausoma bila bando wala mtandao. (C- maana yake shikilia Ctrl, M- shikilia Alt, RET ni Enter; M-x ikifuatiwa na jina huendesha amri yenye jina hilo.) Naeleza hapa jinsi mikato ya kutafutia, yaani vitufe vya kuita amri haraka, ilivyotengenezwa, hatua kwa hatua, pamoja na makosa yaliyokula siku nzima nzima.

Siku ya kwanza ilipotea kwa kuandika kitu ambacho tayari kipo. Amri ya kutafuta neno lililo chini ya kasa (alama inayoonyesha mahali unapoandika), yenye mistari kama kumi, ilipokamilika ndipo ikagundulika kwamba M-s kisha nukta hufanya kazi hiyo hiyo. Kabla hujaandika chochote, bonyeza M-s halafu C-h: Emacs itakuorodheshea mikato yote ya kutafuta inayoanzia hapo. Muhimu kuliko yote ni M-s o, inayoitwa occur. Inakusanya kila mstari wenye neno unalolitaka na kuupanga kwenye dirisha moja, na namba ya mstari pembeni. Ukibonyeza e ndani ya dirisha hilo unaweza kuhariri mistari hapo hapo, na C-c C-c inamaliza uhariri. Kwa kazi ya daftari occur inashinda C-s, utafutaji wa kawaida wa neno moja baada ya jingine, kwa sababu karani anahitaji kuona mistari yote kwa pamoja na kuihesabu.

Kosa la pili lilikuwa kuchagua vitufe. Mkato wa kwanza uliwekwa kwenye C-f, ambayo ndani ya Emacs husogeza kasa herufi moja mbele, na kila aliyezoea programu hiyo akakwama. Vilivyoachwa kwa ajili ya mtumiaji ni C-c ikifuatiwa na herufi moja tupu, na vitufe F5 hadi F9. C-c ikifuatiwa na Ctrl na herufi ni mali ya hali za faili, yaani namna Emacs inavyojipanga kwa kila aina ya faili. Ukiweka mkato wako huko, siku moja utazibwa na hali fulani na hutajua kwa nini.

Kisha likaja neno "lipa", na hapo ndipo penye somo lenyewe.

Ukitafuta "lipa" unapata alilipa, wamelipa, kulipa. Hupati hawajalipwa, asilipe, hawalipi, malipo. Mzizi ni -lip-, na Kiswahili hubadilisha kinachokuja mbele na nyuma yake. Kwa hiyo wazo la kwanza ni kutafuta "lip". Tulifanya hivyo, na dirisha likajaa mamia ya mistari isiyohusika: alipata, walipima, alipeleka, walipanda, alipofika. Sababu iko kwenye sarufi yetu. Kitenzi chochote kinachoanza na p, kikiwekwa kwenye wakati uliopita, huzaa "lip": a-li-pata, wa-li-pima. Na -lipo- ya "wakati ule" huzaa tena: a-li-po-fika. Karani anaandika "walipima kilo" mara nyingi kuliko anavyoandika kuhusu malipo, kwa hiyo kila jibu la kweli lilizikwa chini ya marundo ya mizani.

Kibaya zaidi kilitangulia hilo. Kwa siku kadhaa orodha ya wasiolipwa ilitolewa kwa kutafuta "hajalipwa" peke yake. Kwenye maelezo, makarani walikuwa wameandika pia "hawajalipwa", "bado malipo", "asubiri kulipwa", "hawalipi mpaka mnada ujao". Mhasibu alipolinganisha orodha na daftari lake la mkono, majina yalipungua. Hakuna pesa iliyopotea, lakini aibu ya kumwambia mtu mzima aliyetoka kijijini kwamba jina lake halipo, kumbe lipo, haielezeki. Orodha yoyote inayohusu fedha za watu sasa hulinganishwa na chanzo cha pili kabla haijasomwa kwa sauti.

Dawa ni kuorodhesha miisho halali ya mzizi na kudai kwamba neno liishie hapo. Ruwaza, yaani maelezo ya umbo la maneno yanayotafutwa, huandikwa hivi ndani ya init.el, faili la mipangilio ya Emacs:

```
(defvar kor-ruwaza
  (list
   (cons "lipa"
         (concat "lip"
                 (regexp-opt '("a" "e" "eni" "wa" "we" "wi"
                               "ia" "ie" "iwa" "iwe"
                               "isha" "ishe" "aji"))
                 "\\b"
                 "\\|\\Blipi\\b"
                 "\\|\\bmalipo\\b"))
   (cons "ubwiri" "ubwiri[- \n]*unga")
   (cons "ngapa" "ng['’]apa")))

(defun kor-tafuta (jina)
  (interactive
   (list (completing-read "Tafuta: " kor-ruwaza nil t)))
  (occur (cdr (assoc jina kor-ruwaza))))

(keymap-global-set "C-c k" #'kor-tafuta)
```

Alama \\b ni mpaka wa neno. "Walipanda" inaanguka kwa sababu baada ya "lipa" kuna n, na mpaka haujafika. "Malipo" ina mstari wake mwenyewe, kwani ukiruhusu mwisho wa "o" kwa wote utakaribisha tena "alipo". Na tazama "lipi": tulipoiweka kwenye orodha ya miisho kwa ajili ya "hawalipi", ikaja "gunia lipi" na "daraja lipi". Alama \\B, kinyume cha mpaka, inadai kuwe na herufi kabla ya l, basi "hawalipi" inapita na "lipi" ya kuuliza inabaki nje. Mwisho wa "ika" umeachwa kwa makusudi. "Alipika" ni mtu aliyepika chakula cha vibarua, na hakuna ruwaza itakayoitofautisha na "lipika". Kubali hasara ndogo inayojulikana.

Kama toleo lako la Emacs ni la kabla ya 29, keymap-global-set haipo. Tumia (global-set-key (kbd "C-c k") #'kor-tafuta).

Ile \\ maradufu iliwasumbua wote waliojaribu. Ukiwa unaandika ruwaza moja kwa moja kwenye C-M-s (utafutaji wa ruwaza), alama ya \ ni moja: \b. Ndani ya maandishi ya Lisp (lugha ambayo amri za Emacs huandikwa) yenye alama za kunukuu ni mbili, kwa sababu Lisp hula moja kabla ruwaza haijafika kwenye mtafutaji. Ukisahau, Emacs hailalamiki. "\b" moja ndani ya Lisp ni herufi ya kufuta nyuma, nawe utabaki unatafuta kitu kisichokuwepo na kupata sifuri. Sifuri ya namna hiyo ni hatari kuliko kosa linalopiga kelele, maana inafanana kabisa na habari njema ya kwamba hakuna anayedai. Tumia M-x re-builder kuona ruwaza ikipaka rangi maneno unapoiandika. C-c TAB humo ndani inabadilisha namna ya kuandika, na C-c C-w inakunakilia ruwaza ikiwa tayari kwa Lisp.

Jambo jingine lililotula nusu siku: umeongeza mstari kwenye orodha ya kor-ruwaza, umeendesha M-x eval-buffer, na matokeo ni yale yale ya zamani. Defvar haibadilishi thamani ambayo tayari ipo. Weka kasa ndani ya hiyo defvar na ubonyeze C-M-x. Hiyo huiweka upya.

Mistari miwili ya mwisho kwenye orodha inastahili maelezo. Ugonjwa wa mikorosho unaopigwa salfa huandikwa ubwiriunga, ubwiri unga, au ubwiri-unga, na wakati mwingine mstari hukatika katikati. Mabano [- \n]* yanaruhusu kistari, nafasi au mstari mpya, kwa idadi yoyote hata sifuri. Kistari kikae cha kwanza au cha mwisho ndani ya mabano, la sivyo kitasomwa kama "kuanzia hapa hadi pale".

Ng'apa, jina la mahali huko Lindi, ni shida ya alama. Maandishi yaliyochapwa kwenye kibodi ya kompyuta yana ' iliyonyooka, na yaliyotumwa kutoka kwenye simu mara nyingi yana ’ iliyopinda. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa mashine ni viwili, na hili linamhusu kila anayeandika ng'ombe, ng'ambo au jina lenye ng' katika kanda hii. Ruwaza ya juu inazikubali zote mbili. Kwa utafutaji wa kawaida wa C-s, bonyeza M-s ' ukiwa katikati ya kutafuta, au weka jambo hilo liwe la kudumu:

```
(setq search-default-mode #'char-fold-to-regexp)
```

Baada ya hapo ukiandika ' ya kawaida, Emacs hutafuta pia zile zilizopinda.

Ukifungua faili la zamani la Windows na mahali pa ’ ukaona \222, faili halijaharibika. Limesomwa kwa usimbaji (namna ya kuhifadhi herufi) usio wake. C-x RET r, andika windows-1252, alama zitarudi. Halafu C-x RET f, utf-8, na uhifadhi. Fanya hivyo kwa faili zote mara moja kabla ya kujenga ruwaza yoyote.

Fedha zilikuwa na mtego wao. Kiasi kile kile karani mmoja hukiandika 1250000 na mwingine 1,250,000. Amri ya kwanza iliweka koma ya hiari kati ya tarakimu na \\b kila upande. Ilionekana kufanya kazi mpaka ilipotafutwa 250000, ikaleta 1,250,000, kwani kati ya koma na 2 kuna mpaka wa neno. Kwa mtu anayedai laki mbili na nusu, mstari wa milioni na robo si wake. Toleo linalotumika sasa ni hili:

```
(defun kor-fedha (tarakimu)
  (interactive "sKiasi bila koma: ")
  (occur (concat "\\(?:^\\|[^0-9,\n]\\)"
                 (mapconcat #'char-to-string tarakimu ",?")
                 "\\(?:$\\|,?[^0-9,\n]\\|,$\\)")))

(keymap-global-set "C-c f" #'kor-fedha)
```

Sehemu ya kwanza inasema kabla ya namba kuwe na mwanzo wa mstari au kitu kisicho tarakimu wala koma. Ya mwisho inakataa koma inayofuatiwa na tarakimu nyingine, lakini inaruhusu koma ya kawaida ya sentensi. Hiyo \n ndani ya mabano iliongezwa baadaye: bila hiyo, namba iliyo mwanzoni mwa mstari ilikamata pia mwisho wa mstari uliotangulia, na occur ikawa inaonyesha mkulima wa juu pamoja na wa chini kana kwamba ni tukio moja.

Kwa majina ya vitu, kishawishi kilikuwa kuandika ruwaza moja ya ngeli zote: viambishi m, mi, wa, ki, vi, u, ma, kisha mzizi, kisha -ni ya mahali.

```
(defun kor-jina (mzizi)
  (interactive "sMzizi: ")
  (occur (concat "\\b\\(?:m\\|mi\\|wa\\|ki\\|vi\\|u\\|ma\\)?"
                 (regexp-quote mzizi)
                 "\\(?:ni\\)?\\b")))
```

Ukiandika korosho unapata korosho, mkorosho, mikorosho na mkoroshoni. Ghala inaleta ghalani na maghala. Kwa mizizi ya namna hiyo inatosha, na regexp-quote inahakikisha nukta au nyota uliyoandika inabaki nukta au nyota. Lakini haitafika kwenye mwaka na miaka, wala ulimi na ndimi, wala jino na meno. Tulijaribu kuifundisha: kila kiambishi kilichoongezwa kilileta takataka mpya, na mizizi mifupi kama -che ya mche na miche ikawa haivumiliki. Mwisho tukaacha. Neno lolote lenye mabadiliko ya sauti, au lenye mzizi wa chini ya herufi nne, sasa linaandikwa kwa mkono kwenye kor-ruwaza, kwa mfano "\\bm\\(?:wa\\|ia\\)ka\\(?:ni\\)?\\b" kwa mwaka. Orodha hiyo hukua polepole, kila mstari ukitokana na neno ambalo karani fulani alilitafuta akalikosa. Naiamini kuliko ruwaza yoyote ya kijanja inayodai kujua Kiswahili kizima.

Kwa kutafuta kwenye misimu yote kwa pamoja, watu huelekezwa kwenye M-x rgrep, amri inayotafuta ndani ya faili nyingi. Kwenye Linux inafanya kazi. Kwenye Windows inategemea programu za find na grep ambazo hazipo. Iliyopo ni find nyingine ya Windows yenyewe, isiyoelewa inachoombwa. Isitoshe, grep hutumia lahaja yake ya ruwaza, na ile \\(?: ya Emacs haiijui. Badala ya kutunza ruwaza za aina mbili, acha Emacs ifungue faili zenyewe:

```
(defun kor-misimu (jina)
  (interactive
   (list (completing-read "Misimu yote: " kor-ruwaza nil t)))
  (multi-occur
   (mapcar #'find-file-noselect
           (directory-files-recursively "~/korosho" "\\.txt\\'"))
   (cdr (assoc jina kor-ruwaza))))
```

Kwa makumi ya faili ni haraka ya kutosha. Angalia tu hiyo ~ kwenye Windows: kwa kawaida ni folda ya AppData\Roaming ya mtumiaji, si folda ya Documents. Pia hakikisha init.el unayoihariri ndiyo inayosomwa. C-h v, kisha user-init-file, itakuambia ilipo.

Kila ruwaza ya fedha au malipo ina orodha yake ya majaribio, na nasisitiza hili kwa yeyote atakayefuata njia hii. Andika maneno yanayopaswa kukamatwa na yasiyopaswa, kisha:

```
(with-syntax-table text-mode-syntax-table
  (let ((r (cdr (assoc "lipa" kor-ruwaza))))
    (dolist (n '("alilipa" "hawajalipwa" "hawalipi"
                 "asilipe" "malipo" "mlipaji"))
      (unless (string-match-p r n) (message "Imekosa: %s" n)))
    (dolist (n '("alipata" "walipima" "alipofika"
                 "lipi" "alipika" "walipanda"))
      (when (string-match-p r n) (message "Imekosea: %s" n)))))
```

Mstari wa kwanza si pambo. Mpaka wa neno hutegemea hali ya faili ulilomo: kwenye text-mode alama ' ni sehemu ya neno, kwenye hali nyingi za programu siyo. Majaribio yakiendeshwa ndani ya *scratch*, ukurasa wa Emacs wa kujaribia Lisp, bila mstari huo yanaweza kutoa jibu tofauti na litakalotoka kwenye daftari lenyewe. Tulipita hapo pia, kwa neno lenye ng', na ruwaza iliyofaulu mezani ikashindwa kazini. Ujumbe wa makosa unausoma kwenye *Messages* kwa C-h e.

Umeme ukikatika ukiwa katikati ya init.el, usiogope. Emacs huhifadhi nakala ya akiba baada ya kama vibonyezo 300, au sekunde 30 za utulivu. M-x recover-this-file huirudisha. Kama mabano hayajafungwa na programu inaanza kwa lawama, iwashe kwa emacs -Q, ambayo haisomi mipangilio yako, fungua init.el na uendeshe M-x check-parens. Kasa itapelekwa kwenye bano lenye tatizo.

Kuhamishia kompyuta nyingine ni rahisi mikato yote ikikaa kwenye faili lake, tuseme kor.el, mstari wa kwanza ukiwa ;;; -*- lexical-binding: t -*- na kila jina likianza na kor- lisigongane na majina ya Emacs. Kwenye init.el ya mpokeaji unaongeza (load "~/kor.el") tu. Nakala iliyokwenda Lindi, ambako pamoja na korosho kuna ufuta na mbaazi, tayari ina mistari yake ya ziada kwenye kor-ruwaza, na majaribio yake chini ya kila mmoja.